Hakijaiva

Ami, yule mzee wa pweza, alikitupa. Kile kigae cha chupa ya buluu nilichowaahidi kwamba siku kikipatikana ninyi ndio wa kwanza kukiona, alikichukua kiganjani mwangu, akakigeuzageuza, akakirusha baharini.

"Hakijaiva hiki," akasema.

Harusi ya binti ya shangazi imepita salama na kazini mkataba umetiwa saini, ila mawazo yangu yamebaki pale pale ufuoni Nyali.

Ilikuwa bamvua, maji yamekupwa hadi karibu na mwamba. Ami alikuwa arudi na pweza wake. Nikamwamkia, akaniuliza, "Watafuta nini, mwanangu?" Nikamfungulia kiganja kwa furaha, maana vigae vya kijani na kahawia naviokota kila nikishuka pwani, lakini buluu ile nzito, ya kioo kilichotiwa kobalti, hutoka kwenye chupa chache tu, nyingi za dawa za zamani.

"Hakijaiva."

"Kitaiva lini, Ami?"

"Si kwa wakati wako. Mjukuu wako atakiokota."

Akaenda zake. Mimi nikaingia majini hadi magotini kukitafuta, na sikukiona.

Tangu hapo namjibu moyoni kila usiku. Namwambia kigae kilikuwa changu. Namwambia ufuo ule watoto hukimbia peku, na chupa yenye makali haifai kurudishwa walipo. Hili la pili bado nalishikilia, na nitamwambia kwa heshima zote.

Jana nilimwaga mtungi wangu mezani, nikavipapasa vigae kimoja kimoja. Vile vizuri vina ukungu pande zote. Mchanga huvisugua, na maji ya chumvi nayo hunyonya magadi yaliyomo ndani ya kioo, uso ukatoboka vitundu vidogo sana. Hiyo ni kazi ya miaka mingi, na kwetu hapa nadhani huchukua zaidi, kwa sababu mawimbi huvunjikia mwambani na kufika ufuoni yamekwisha nguvu. Kile cha buluu kilikuwa na ukingo mmoja uliong'aa bado. Niliuona tangu nilipokiokota. Rangi ilinitosha.

Na hapo ndipo moyo ulipogeuka. Nyumbani wote huuita mtungi huu takataka. Mnamjua dada, keshataka kuutupa. Hakuna aliyewahi kushika hata kigae kimoja akakitazama. Ami alikishika kama mtu anayebonyeza embe sokoni, akapitisha kidole gumba kwenye ule ukingo, akatoa hukumu. Mzee aliyezeekea majini alikiona kigae changu ni kitu chenye wakati wake. Nimefurahi kuliko ambavyo ningefurahi kama kingekuwa mtungini.

Bamvua ijayo nitashuka na mifuko miwili, mmoja wa vilivyoiva, mmoja wa vyenye makali, na huo wa pili nitauonyesha Ami kabla sijaupeleka jaani. Akitaka kubishana tutabishana, nina hamu nako.

Na habari za nyumbani: Mama anasema maumivu ya magoti yake yamepoa. Lakini leo asubuhi nimemwona akishuka ngazi kinyumenyume, ameshika ukuta kwa mikono miwili, na aliponiona akajifanya anatafuta ufunguo. Jumatatu naomba ruhusa kazini nimpeleke hospitali, atake asitake.