Chipu Isiyokuwa na Moto

Mwaka 2017 shule moja ya sekondari jijini Dar es Salaam ilinikabidhi kompyuta kadhaa za bodi moja, zile ndogo zinazoenea kiganjani, ambazo ilizinunua kwa bei ya chini kwa ajili ya chumba chake cha kompyuta. Zilitumia chipu ya Allwinner H3 yenye viini vinne vya Cortex-A7, nguvu inayomtosha kabisa mwanafunzi anayejifunza kuchapa barua na kupanga hesabu kwenye jedwali. Kilichonitia wasiwasi ni mfumo endeshi uliokuja nazo. Ulisimama juu ya keneli (sehemu ya mfumo inayoongoza maunzi) ya Linux 3.4, toleo la mwaka 2012, na mwaka 2016 ilikuwa imegundulika kwamba keneli hiyo, kama ilivyotolewa kwa chipu za Allwinner, ilikuwa na mlango wa nyuma: mtumiaji yeyote aliyeandika neno «rootmydevice» kwenye faili fulani ndani ya /proc, saraka ambayo programu huwasiliana na keneli kupitia kwayo, alipata mamlaka yote ya mashine. Sikuona vipi ningeiweka mbele ya vijana wa kidato cha tatu, ambao udadisi wao naujua.

Nikachagua kuzihamishia NetBSD, mfumo endeshi huria wa familia ya Unix. Mfumo wake wote hujengwa kwa skripti moja, build.sh, hata ukiwa kwenye kompyuta ya aina nyingine kabisa, kwa hiyo kazi nzito ya kukompaili, yaani kugeuza msimbo kuwa programu ambayo mashine inaielewa, niliifanya kwenye kompyuta mpakato yangu. Tena, mwaka ule ule wasanidi wake walikuwa wanaigeuza sehemu ya Allwinner ili isome maelezo ya maunzi kutoka kwenye mti wa vifaa, yaani faili inayoieleza keneli ni kifaa gani kiko kwenye anwani ipi, kinatumia pini zipi na kinapata umeme kutoka wapi. Maelezo ya chipu ya H3 yalikwishaandikwa na wengine. Yaliyokosekana ni ya bodi yenyewe, ambayo mtengenezaji wake hakutoa mchoro wowote wa saketi.

Kuwaka iliwaka upesi kuliko nilivyotarajia. Nilichomeka nyaya tatu kwenye pini za siriali, ambazo hupitisha ujumbe wa bodi hadi kompyuta nyingine, nikaweka kasi ya 115200, na baada ya U-Boot, programu ndogo inayotangulia keneli, kuiamsha RAM, mistari ya keneli ikaanza kuteremka kwenye skrini. Kadi ya SD ilisomeka na USB ikaitika. Mtandao ulikataa. Draiva ya Ethernet, yaani programu inayoendesha kifaa cha mtandao wa waya, ilijitambulisha vizuri, lakini kila ilipoiuliza chipu ya Realtek RTL8211E, inayokaa kati ya H3 na tundu la waya, ilirudishiwa 0xffff, jibu ambalo kwa kawaida humaanisha kwamba upande wa pili hakuna mtu.

Niliipeleka bodi Kariakoo kwa fundi simu mmoja, mtu mzima ambaye hajawahi kuandika programu na wala hana hamu nayo. Nilimwamkia, nikaanza kumweleza habari za draiva, naye akanikatiza: «Kijana, hicho kidude chenyewe kina moto?» Akavaa miwani, akagusisha ncha ya multimita kwenye kapasita ndogo kandoni mwa chipu ya Realtek. Palipotakiwa kuwa na volti 3.3 hapakuwa na kitu. Kisha akaniambia niweke kadi ya kiwandani, yenye mfumo uliokuja na bodi, na kuwasha upya. Sekunde chache baadaye multimita ikapanda hadi 3.3.

Hapo jambo likawa wazi: umeme wa chipu ile ulifunguliwa na programu, na programu ya kiwanda ilijua swichi iko wapi. Nyumbani niliitoa faili ya script.bin kwenye kadi ile, ambamo keneli za zamani za Allwinner zilihifadhi mpangilio wa pini, nikaigeuza kuwa maandishi kwa programu ya bin2fex. Katika mistari mia kadhaa, mmoja ulitaja umeme wa chipu ya mtandao pamoja na pini PD06. Mchoro ambao mtengenezaji hakuutoa, nusu yake alikuwa ameuuza ndani ya kadi.

Niliongeza kwenye mti wa vifaa kirekebishi cha volti 3.3 (kifaa kinachotoa umeme wa kiwango hicho) kinachowashwa na pini hiyo, nikaagiza keneli ingoje milisekunde 100 kabla ya kuisemesha chipu, kisha nikaunganisha maelezo ya Ethernet na kirekebishi hicho kwa sifa ya phy-supply. Bodi ilipowaka tena, keneli iliitambua RTL8211E na dhcpcd, programu inayoomba anwani ya mtandao, ikaipata kutoka kwa ruta.

Kwa kasi ya gigabiti pakiti bado zilipotea, kwa kuwa ucheleweshaji wa ishara kati ya chipu hizo mbili nao hutofautiana kati ya bodi na bodi, na thamani yake sikuwa nayo. Swichi ya mtandao ya shule ilikuwa ya megabiti 100, na kwa kasi hiyo hapakuwa na hitilafu, hivyo mashine zilisimikwa kwanza shuleni na suala la gigabiti nikabaki nalo mezani kwangu.