Rili inayorudi nyuma: jaribio la nne, imeshika

Imeshika! Naandika saa sita usiku, mikono inanuka petroli, na mama watoto amenifungia mlango wa chumbani kwa sababu ya harufu hiyo hiyo. Lakini mkono wa rili yangu ya kuvulia samaki haurudi nyuma tena, hata kwa upana wa unywele.

Ni ile ile ya saizi 4000 niliyonunua kwa mtu hapa Jinja kwa shilingi 60,000. Kasha halina ufa, gia ni nzima, meno hayajalika. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: kizuizi cha kurudi nyuma kilikuwa kinateleza, na kilikuwa kinateleza kikijisikia. Ukiijaribu sebuleni hapa Walukuba inashika kama koleo. Ukifika ziwani, mara moja katika kumi, mkono unageuka kinyume bila hodi. Jumamosi ile pale Masese sangara wa kilo tatu nne hivi alivuta mara moja tu. Mkono ukazunguka kinyume ukanichapa vidole vitatu, mshipi ukalegea, samaki akaenda zake na chambo. Mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza nyavu kando ya mtumbwi wake alinitazama ninavyopuliza vidole.

"Pole, mwanangu. Kwani hiyo mashine inavua samaki au inavua vidole?"

"Inateleza, mzee. Nimeitia grisi mpya juzi tu."

"Umeitia, au umeipaka kama chapati ya rolex?"

Nilicheka kwa adabu; rolex ni chapati yetu ya kukunjia mayai, nayo hupakwa mafuta bila huruma. Wiki tatu baadaye ndipo nilipoelewa kwamba mzee alikuwa amenipa jibu pale pale, bure, nami nikalipita.

Kosa la kwanza lilikuwa langu mwenyewe. Nilipoifungua mara ya kwanza niliona grisi ya zamani imekuwa kahawia na ngumu kama nta, nikafurahi, nikasema adui ni huyu. Nikasafisha gia kubwa, nikasafisha pinieni, ile gia ndogo, kisha nikajaza grisi mpya kila mahali, na beringi ya njia moja, ndiyo kile kizuizi cha kurudi nyuma, nayo ikapata sehemu yake. Grisi nzuri kabisa, ile ya magurudumu ya gari. Mambo yakaharibika zaidi.

Wenzangu mnaofungua rili mnajua beringi hii haifanani na nyingine, lakini mimi nilikuwa najua kwa maneno tu. Hadi niliposhika pini zake kwa kibano ndipo nikaelewa kwa nini inachukia grisi. Ndani ya pete ya nje kuna pini ndogo za chuma, na kila pini imekaa kwenye kinjia chenye upande mpana na upande mwembamba. Ukizungusha mbele, pini inasukumwa upande mpana na bushi ya katikati inapita. Ukirudisha nyuma, pini inajibana upande mwembamba na kila kitu kinasimama. Kinachoipeleka pini upande mwembamba ni kispringi chembamba kuliko sindano ya kushonea. Sasa mwambie kispringi hicho asukume pini iliyozama kwenye grisi ya gurudumu la gari! Pini inabaki pale pale kwenye upana, imelala, na samaki anavuta.

Jaribio la pili niliosha beringi nzima kwa mafuta ya taa bila kuitoa kizimba chake cha plastiki. Ilishika nusu saa. Mafuta ya taa yanaondoa uchafu lakini yanaacha utando wake, na grisi iliyokuwa kwenye pembe za kizimba ililainika ikarudi polepole kwenye pini.

Jaribio la tatu nikasema liwalo na liwe, nikakitoa kizimba. Kispringi kimoja kiliruka. Nilikisikia kikigonga kitu, basi. Nikazima feni, nikafukuza watoto, nikapiga magoti na tochi ya simu. Saa nzima. Nilikipata kimejipenyeza kati ya ukili mbili za mkeka. Tangu siku hiyo kitu chochote chenye springi nakifungulia ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, mikono yangu imo humo humo kama daktari wa upasuaji. Nikaosha kila pini kwa petroli, moja moja, nikakausha, nikarudisha. Kavu kabisa, bila tone la mafuta. Ikashika siku mbili. Siku ya tatu, ikateleza.

Hapo nilikaribia kuitupa Nile, na kutoka kwangu si mbali.

Kilichoniokoa ni ukucha. Nilikuwa nimekaa nimeishika ile bushi ya katikati, ile ambayo pini huibana, naizungusha tu kwa hasira. Kwa macho ilikuwa safi, inang'aa. Sikuwahi kuiosha sawasawa kwa sababu ilionekana safi! Ukucha wangu ukapita juu yake ukakwama kidogo, kama unapopita kwenye mkanda wa gundi. Nikaisogeza kwenye taa. Kulikuwa na utando wa rangi ya chai nyepesi, mwembamba mno, umezunguka bushi yote pale pini zinapokanyaga. Grisi ya miaka iliyokauka ikawa kama vanishi. Pini zilikuwa zinajibana, ndiyo, lakini zinajibana juu ya vanishi, sio juu ya chuma. Zikipata mvuto wa ghafla, zinateleza.

Petroli haikuutoa. Spiriti ya zahanati na kitambaa cha pamba, kusugua dakika kumi, ndivyo vilivyoutoa. Sikuthubutu msasa, maana bushi ikichubuka imekwisha. Ukucha ulipoanza kuteleza bila kukwama nikajua nimefika. Kisha tone moja la mafuta ya cherehani, tone moja kweli, nikalisambaza na kulifuta hadi kukabaki unyevu tu.

Kuijaribu, nikafunga hadi mwisho breki ya rili, ile inayoachia mshipi utoke samaki akivuta, nikapitisha mshipi juu ya tawi la mwembe, nikafunga kijerikeni cha lita 5 kilichojaa maji. Nikakiinua na kukiachia kwa kishindo mara mia moja, nahesabu kwa sauti. Jirani alitoka kuuliza kama niko salama. Haijarudi hata mara moja.

Sasa neno kuhusu bisibisi, maana limeniuma. Rili za Kijapani hazipendi bisibisi ya nyota ya kawaida. Skrubu zao zina msalaba wa kiwango chao wenyewe, na bisibisi ya kawaida haifiki chini, inapanda juu na kula kichwa cha skrubu. Nimeharibu vichwa viwili kabla sijakubali. Fundi simu mmoja mjini aliniazima seti yake na kunionya, "Kaka, usiilazimishe, ikikataa iachie." Ilizama hadi chini kama ufunguo kwenye kufuli lake. Na hayo makopo ya kupulizia yanayouzwa kama dawa ya kila kutu: ni mazuri kulegeza skrubu iliyoganda, lakini mtu anayeyaita grisi ya rili asinitafute rili yake ikianza kulia.

Huku kwetu hatuna chumvi kama wenzetu wa Mombasa, kwa hiyo kutu si vita vyetu vikubwa. Vita vyetu ni mchanga wa pwani ya ziwa na tope laini, na wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi. Kila kitu chenye grisi nje kinawanasa. Kwenye kigurudumu kinachoongoza mshipi nilikuta mabawa yamesagwa pamoja na mafuta, uji mweusi. Beringi yake imechoka. Ni ya milimita 4 kwa 7 kwa 2.5 (tundu, upana wa nje, unene), na nilipozunguka maduka ya beringi Kampala, ndogo kuliko zote niliyoonyeshwa ilikuwa ya namba 608, ambayo upana wake wa nje ni milimita 22. Muuzaji alidhani natania. Kwa sasa nimeiosha na kuirudisha, inalia kidogo, nitavumilia.

Mpango wa wiki hii ulikuwa washa za breki, zile pete bapa. Zile za felti zimekuwa ngumu kama ngozi ya kiatu, na breki inaanza kwa kushtuka badala ya kuteleza taratibu. Nilishakata karatasi ya kupimia. Lakini jana nikijaza mshipi upya, nikiwa nimebana kibobo cha mshipi kati ya vidole vya miguu, mshipi ukalegea katikati na kujikunja, mita arobaini zikaharibika. Nikaanza kufikiria mashine ya kujazia: habu ya baiskeli (kile kitovu cha gurudumu), mkono wa kuzungushia, na kipande cha ngozi cha kubana mshipi upite umekaza. Habu ya nyuma ingefaa zaidi, maana ina njia moja yake tayari, ile yenye vidole vinavyolia tikitiki, ambayo grisi kidogo haiisumbui kama hizi pini. Nimeshachora. Mbao ninazo, spoku mbili za kuongoza mshipi ninazo. Washa za felti zitasubiri.

Shida ni moja. Habu ninayoitaka iko kwenye baiskeli, na mtoto bado anaiendesha kwenda shule.