Wamemweka Chui, Mwenyewe Hawakumweka

Unguja ilikuwa na chui wake. Hakuvushwa na mtu kutoka Mrima. Alikuwapo tangu maji ya bahari yalipopanda baada ya zama za barafu, kisiwa kikakatika na nchi kavu naye akabaki upande huu. Kwa maelfu ya miaka akawa mdogo wa umbo kuliko wenziwe wa Bara, na madoa yake yakamegekamegeka. Alikula paa, kima punju, nguruwe, na akipata nafasi, mbuzi na kuku wa watu. Pemba hakuwapo kabisa. Mwaka 1932 Mwingereza Reginald Pocock alimwingiza katika vitabu vya elimu ya wanyama kwa jina la adersi, kwa heshima ya Dk. Aders aliyefanya kazi hapa Zanzibar. Paa nunga naye amepewa jina hilo hilo.

Ngozi zake zilizobaki duniani ni za kuhesabu. Moja ilijazwa ikasimamishwa katika Makumbusho ya Mnazi Mmoja, na mimi nilikwenda kuitazama na babu yangu mzaa mama, ambaye chui huyo alimjua akiwa hai.

Ilikuwa miaka ya 1990. Babu alikuja mjini na gari ya shamba kuangaliwa macho hospitali. Tulimaliza mapema, gari za kurudi kusini zilikuwa bado kujaa, na jua la saa sita si la kumtembeza mzee. Nikamwambia tukapumzike makumbusho, ni hapo hapo karibu. Jumba lile la kuba, Beit el Amani, alikuwa akilipita tangu ujana wake. Alilichora J. H. Sinclair, likafunguliwa 1925 kuwakumbuka waliokufa katika Vita Kuu vya kwanza. Babu hajapata kuingia hata siku moja. Aliniuliza kama mtu wa shamba anaruhusiwa, na swali lile liliniuma kuliko nilivyomwonyesha.

Tulianza na jengo dogo la ng'ambo ya barabara, la viumbe. Ndege na samaki tuliwapita haraka. Mifupa ya dodo, ndege wa Mauritius aliyetoweka zamani, nilimweleza, akatikisa kichwa kwa adabu tu. Tulipofika kwa chui akasimama. Macho yake yalikuwa yametiwa dawa, haoni vizuri, akasogea mpaka nikaogopa ataguswa bega na mlinzi. Nikamsomea jina. Akangoja.

"Endelea," akasema.

"Ni hilo tu, babu."

"Kisutu huyu," akasema, kama anayemtambulisha mtu barazani. Wenye kujua walikuwa wakitofautisha chui wa aina mbili, kuna konge na kuna kisutu. Akanionyesha kwa kiganja jinsi anavyoweka mguu wa nyuma pale pale ulipotoka mguu wa mbele, ndiyo maana majani makavu hayalii. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Na mwenyewe yuko wapi?"

Nilidhani anauliza mwenye makumbusho. Akanifafanulia. Kwao chui wa mwituni alikuwa mmoja, na chui wa kufugwa alikuwa mwengine. Wa kufugwa alikuwa na mwenyewe, mtu wa kijijini, aliyemlisha kwa siri na kumtuma akale mbuzi wa aliyegombana naye. Mbuzi akiliwa, watu hawakuuliza chui kapita wapi. Waliuliza katumwa na nani. Na jawabu lilikuwa tayari, maana kila kijiji kilikuwa na mtu wake wa kutajwa. Mara nyingi alikuwa mzee anayekaa peke yake ukingoni mwa msitu, au mtu asiyependa kukaa barazani na wenziwe.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ikaja kampeni ya mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi. Alizunguka Unguja kuwafichua wanga na kuwamaliza chui wao, kazi mbili zikifanywa kama moja. Babu alikuwa msasi, ana mbwa na ana nyavu, akaitwa na wenziwe. Chui waliuawa. Wale waliotajwa kuwa wafugaji walibaki kijijini, wanaishi, lakini jina limeshashika. Babu alimkumbuka mmoja wa kijijini kwetu. Hakuna aliyempiga wala kumdai fidia. Watu waliacha tu kumbishia hodi, mpaka akahama.

"Wamemweka chui," babu akasema, "mwenyewe hawakumweka."

Tukavuka barabara kuingia jumba kubwa. Humo mlikuwa na masultani, sarafu, stempu, na sanduku la dawa la Livingstone. Babu alilitazama lile sanduku kwa muda, akanisikiliza nikimsimulia safari za mwenyewe mpaka kifo chake Chitambo mwaka 1873. Hakuuliza kitu. Nami nikitembea pembeni yake nilikuwa nimeshaanza kufikiri jambo ambalo mpaka leo nalishikilia: chui yule amewekwa upande usio wake wa barabara.

Makumbusho za enzi zile, pote duniani, zilifuata mgawo mmoja, viumbe huku, watu kule. Kwa ndege na samaki hakuna ubaya. Lakini chui wa Unguja hakumalizwa na ukame wala maradhi. Misitu ilikatwa, hilo kweli, mashamba yakasogea mpaka mlangoni kwake. Lakini kilichompeleka mtu usiku na wavu na mbwa ni khofu ya jirani yake. Ngozi ile ni habari ya wivu, ya mashamba, ya siasa za nchi iliyopinduka, ya mzee aliyehamishwa kwa kunyimwa salamu. Mahali pake ni kwenye historia, na pembeni yake wawekwe waliotajwa. Watafiti Martin Walsh na Helle Goldman wamefanya kazi kubwa ya kuzikusanya simulizi hizi kutoka vijijini, nami nawashukuru, lakini maandishi yao husomwa na wasomi. Mtoto wa skuli anayeletwa makumbusho anaondoka akijua kuwa palikuwa na mnyama. Hajui walikuwa nani waliomuua, na kwa nini waliona wanafanya jema.

Hilo la jema ndilo zito kwangu. Babu yangu alikuwa mtu wa msikitini, mpole, na mpaka siku ile hakuona kuwa ulikuwa ukatili kumwinda chui. Sisemi hivyo kumtetea. Nasema makumbusho isiyoweza kunieleza babu yangu bado ina kazi ya kufanya.

Nilimsindikiza kurudi kwa sababu ya macho. Gari ya Makunduchi ilijaa, tukabanwa, na kabla ya kufika Tunguu babu alikuwa ameshawasimulia abiria wa karibu kuwa kamwona kisutu mjini. Ikazuka kelele. Mmoja akasema hakuwa kisutu. Mwengine akasema babake alimsikia akilia karibu na Jozani miaka mingi baada ya kampeni. Mwanamke mmoja wa makamo, aliyepakata kikapu cha dagaa, alisikiliza kimya mpaka tulipoupita msitu.

"Mjomba wangu alitajwa," akasema. "Alipokufa jeneza tulilibeba watu wa nyumbani tu."

Gari ikatulia kidogo. Babu akamuuliza kwa sauti ya chini, "Alikuwa naye kweli?"

"Alikuwa na shamba la minazi, mzee wangu, na kuna watu waliolitaka."

Babu hakujibu. Akasema pole, mara mbili, na yule mama akaipokea. Kisha akanigeukia mimi.

"Huyo chui wenu, mtu yeyote anaingia kumtazama?"

Nikamwambia yeyote, na nikamtajia kiingilio.

"Nitakwenda," akasema. "Nataka nimwone."

Akashuka Kitogani na kikapu chake. Waliobaki garini wakaanza kutaja majina ya waliotajwa vijijini mwao, mmoja baada ya mwengine, wakiulizana shamba la fulani analo nani sasa.