Kutoka Olduvai hadi Dmanisi

Tbilisi hadi Dmanisi ni kama kilomita 85 kwenda kusini-magharibi. Nilipanda gari dogo la abiria, wenyewe huliita marshrutka. Kwetu Karatu ni hiace tu, na inajazwa vilevile. Hii ni Georgia ya milima ya Kaukazi, si ile ya Marekani. Nilitaka kuona mahali palipopatikana mifupa ya zamadamu ya kale kuliko yote iliyochimbuliwa nje ya Afrika, ya miaka kama milioni 1.8 iliyopita.

Eneo lenyewe liko juu ya genge, mito miwili ikikutana chini yake. Juu kuna magofu ya mji wa Enzi za Kati na kanisa la mawe. Waliokuwa wakichimbua mji huo miaka ya 1980 walikuta jino la kifaru ndani ya shimo la kuhifadhia chakula. Kifaru, kwenye baridi hii! Wakachimba chini zaidi, na mwaka 1991 likatoka taya la zamadamu. Baadaye yakatoka mafuvu matano.

Nilipokuwa darasa la sita tulipelekwa Olduvai, na mwongozaji akaniwekea kiganjani kipande cha jiwe kilichobanduliwa ubavu mmoja, bado kikikwaruza ngozi. Humu Dmanisi, nyuma ya kioo, niliviona vipande vya namna ileile. Nilisimama pale mpaka kundi nililoingia nalo likatoka.

Zamani niliamini waliotoka Afrika walitoka kwa sababu walikuwa wameerevuka: ubongo mkubwa, zana bora. Dmanisi imenisahihisha. Fuvu moja la hapa lilikuwa na ubongo wa sentimita za ujazo 546 hivi, chini ya nusu ya wetu, na zana zao ni zile za zamani kabisa. Kilichokuwepo ni nyama na nyasi. Kwenye udongo huohuo imetoka mifupa ya mbuni, farasi, paa na jamii ya twiga, mingine ikiwa na alama za kukatwa kwa mawe. Mbuga ziliendelea kaskazini na wanyama nazo, na anayekula nyama hufuata nyama. Sidhani kama kuna aliyejua kwamba amevuka bara. Tufanye njia ilikuwa kilomita 6,000, na kila kizazi kikasogea kilomita 10 tu kutoka walipozaliwa wazazi wake: ni vizazi 600. Kwa miaka 20 kila kimoja, wamefika ndani ya miaka 12,000. Kwa watoto wao, hapa ndipo palikuwa nyumbani.

Niliporudi Tbilisi nilikwenda makumbusho ya taifa, barabara ya Rustaveli. Fuvu lililonishika ni la mzee aliyekuwa amepoteza karibu meno yote. Matundu ya meno yamezibwa na mfupa, laini kama ukingo wa bakuli, na mfupa hauzibi hivyo kwa wiki mbili. Aliishi miaka bila kutafuna. Wapo watafiti wanaoona kwamba wenzake walimsaidia, na wapo wanaosema aliweza mwenyewe kwa uboho na vyakula laini. Mimi niko na wa kwanza. Majira ya baridi huku ni makali, matunda hayapo, na paka wenye meno kama majambia walikuwa wakiwinda bonde lilelile. Kuna mtu alikuwa akimvunjia mfupa mzee huyu, akimpa uboho.