Jinsi nilivyoisafisha kompyuta ya shangazi baada ya "fundi" wa simu

Shangazi ana duka la steshenari Ujiji, Kigoma. Tangazo lenye king'ora lilijaza skrini, akapiga namba iliyoandikwa pale. "Fundi" akaingia kwa mbali, akamwonyesha orodha ya makosa ya Windows (kila kompyuta inayo, hata nzima) kisha akadai malipo.

Nilianza kwa kuchomoa modemu. Kwa simu yangu tukabadilisha nywila, ya barua pepe kwanza, maana ndiyo hufungua nyingine zote. Benki ikafunga kadi. Nilipoondoa programu aliyoingilia, nikakuta ya pili imejificha, inajiwasha yenyewe. Hapo sikuiamini tena: kazi za wateja nikazihamishia kwenye flashi, nikapiga Windows upya.

Namba za matapeli wa hapa nchini huripotiwa 15040. Hii ilikuwa ya nje.