Macho makavu baada ya siku kukatika

Leo naandika kuhusu macho, maana wanawake wenzangu wa umri huu naona tunateseka kimya kimya na wengi tunadhani dawa ni miwani tu. Mie siku zangu za hedhi zimeshakatika. Joto la ghafla nilikuwa nalijua, kukosa usingizi nilisikia sikia kwa mashoga, ila la macho hakuna aliyewahi kunitamkia. Somo yangu alinifunda vizuri sana nilipovunja ungo, ya mwanzo yote niliyajua, lakini ya mwisho hakuna kungwi anayekaa na mtu mzima akamwambia, na hilo kwa kweli linaniuma.

Yaani asubuhi nikiamka kope zinanata, mchana nahisi mna mchanga ndani, jioni nikikaa barazani kaskazi ikivuma machozi yanatiririka mpaka wapita njia hapa Ngamiani wananiuliza bi mkubwa kulikoni. Na kinachochanganya ndo hicho, machozi yanamwagika alafu unaambiwa macho yako makavu! Daktari wa macho alinielewesha taratibu. Kuna machozi ya kulainisha, yale yanatakiwa yatande juu ya jicho muda wote, na kuna haya ya dharura yanayokuja jicho likishaudhika, haya mengi yake ni maji tu, yanateleza yanaondoka na jicho linabaki vile vile.

Akaniwekea kikaratasi chembamba kwenye kope ya chini, nikafumba macho, kikaning'inia shavuni dakika 5. Alivyokitoa akapima pamelowa kiasi gani, akasema zikifika milimita 10 kwenda juu kwa kawaida machozi yanatosha, chini ya 5 ukavu umezidi. Changu kililowa ncha tu. Alafu akabinya ukingo wa kope kwa kidole, polepole, akasema mafuta yanayotoka hapa yanatakiwa yawe mepesi yanang'aa, yako yameganda kama samli.

Kumbe kwenye ukingo wa kope, nyuma kidogo ya nywele zake, kuna vitezi vimejipanga mstari, kope ya juu peke yake vinaweza kupita 25. Vinaitwa tezi za Meibom, jina la daktari wa Kijerumani aliyeviandika mwaka 1666. Kazi yake kutoa mafuta ya kufunika machozi yasikauke haraka. Na vitezi hivi vinategemea homoni, hasa androjeni, ile tunayoisikia ya wanaume kumbe na sie tunayo, na umri ukienda inapungua. Estrojeni, ile homoni ya kike, nayo inashuka hedhi ikikoma, ila hapo mtu asikimbilie kusema basi nimeze homoni yaishe. Kuna utafiti wa Marekani uliotoka 2001, wanawake zaidi ya 25,000 waliokoma hedhi, wale waliokuwa wanatumia homoni, hasa estrojeni peke yake, ndo macho makavu yalikuwa mengi zaidi kwao. Kwa hiyo kama daktari kakupa za joto la ghafla sawa, zina kazi yake, ila usizianze kwa ajili ya macho.

Na maisha yetu yanaongezea. Pangaboi linalozunguka juu ya kitanda usiku kucha, moshi wa kuni, na hii simu, maana kawaida mtu anapepesa macho kama mara 15 kwa dakika, akiikodolea simu zinapungua sana. Dawa pia: zile za mafua na aleji zinazoleta usingizi, amitriptilini ile ya sonona, na baadhi ya za presha zinazokojoza. Jamani ya presha usiiache mwenyewe, mwambie daktari aangalie.

Kilichonipa nafuu mie ni taulo dogo. Naloweka kwenye maji ya moto kiasi mkono unavumilia, nakamua, nafumba macho naliweka juu, likipoa nachovya tena, dakika 5 mpaka 10 hivi, kisha nakanda kope kwa ncha ya kidole, ya juu nashusha, ya chini napandisha, mafuta yatoke. Kila siku, ukifanya leo ukaacha wiki nzima hupati kitu. Pangaboi nimelisogezea upande wa miguuni. Na natumia machozi ya bandia, yaani matone ya kulainisha jicho, ila ukiwa unatia zaidi ya mara 4 kwa siku ulizia yale yasiyo na kemikali ya kuhifadhi, maana ile kemikali nayo inachubua jicho. Dagaa na vibua tule ni chakula kizuri, lakini vidonge vya mafuta ya samaki usivikopee hela, utafiti mkubwa wa 2018 ulivilinganisha na mafuta ya zeituni haukuona tofauti kwa macho makavu.

Sasa hili nalisema kwa nguvu zote. Shoga yangu aliniletea chupa ya matone ya mumewe iliyobaki, kwa moyo mzuri kabisa, nikakataa. Matone mengine yana steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe kama deksamethasoni na ndugu zake, wekundu unaisha upesi unafurahi, kumbe ukiendelea bila daktari presha ya jicho inapanda na mtoto wa jicho anaingia. Presha ya jicho ikishaua mshipa wa kuona haurudi. Na maziwa ya mama, tui, asali, wapendwa visiingie jichoni, vinaweza kupeleka vijidudu.

Maumivu makali, mwanga kuuma, au kuona kupungua ghafla, hayo ni ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Alafu wifi yangu wa Pangani, chake kinanipa wasiwasi, macho yanawaka kama yangu lakini na kinywa kinamkauka mpaka mkate haushuki bila chai, na viungo vinamuuma. Kuna ugonjwa unaitwa Sjögren, kinga ya mwili inashambulia tezi za machozi na mate, unawapata zaidi wanawake wa umri wetu, na ni rahisi kuusingizia umri. Nimemwambia akifika kwa daktari asiseme macho tu, ataje na kinywa na viungo, ili apimwe na damu.