Siku Tuliyovua Bangili

Bangili ya dada ilikataa kutoka. Alivishwa Mombasa siku ya harusi yake, na tangu hapo mkono ulikuwa umenenepa. Muuguzi alileta sabuni na maji ya vuguvugu. Mimi nikashika mkono, yeye akavuta, mpaka dhahabu ikachopoka na kuacha ngozi imewiva. Kisha tukatoa pini za mitandio yetu moja moja na kuzihesabu kwenye kisahani. Sumaku ya mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya mwili, ilikuwa ya tesla 1.5, yaani kama mara 30,000 ya nguvu ya dunia inayogeuza mshale wa dira. Pini moja ya chuma ingeruka kama risasi.

Ilikuwa London, Novemba 1996. Dada alikuwa na maltipo sklerosisi, MS kwa kifupi: kinga ya mwili inashambulia mayelini, ile ala ya mafuta inayofunika nyuzi za neva kwenye ubongo na uti wa mgongo. Ulimwanza miaka mitatu nyuma, jicho la kulia likaingia ukungu. Jicho likapona, mguu ukafa ganzi, nao ukapona. Utafiti alioingia ulitaka wagonjwa wapigwe picha ya MRI kila mwezi, na watu wenye afya wa kulinganishwa nao. Nikajiandikisha. Mama akaniuliza kwa simu kutoka Mombasa, "Wewe u mzima, wataka nini huko?" Nilitaka tu dada asiingie peke yake.

Nilitangulia mimi. Nililazwa chali, kichwa ndani ya kizimba kidogo, nikaambiwa nisitikisike hata kidogo. Mashine ikaanza kugonga kama mafundi wawili wanaoezeka mabati, kila mmoja na mwendo wake. Nikasoma Yasini kimoyomoyo, nikaimaliza, nikaanza tena.

Dada alikaa zaidi, kwa sababu yeye alichomwa sindano ya gadolini, dawa ya kung'arisha picha, katikati ya kipimo.

Baadaye mtafiti alitundika filamu zetu kwenye sanduku la taa. Alieleza taratibu, na nimeyashika maneno yake mpaka leo. Mwili wetu umejaa maji, na kwenye maji mna haidrojeni. Sumaku huzipanga chembe zake, mawimbi ya redio huzisukuma, na zinaporudi mahali pake hutoa ishara ambayo mashine huinasa. Penye kidonda maji huwa mengi na ishara hukawia kufifia, ndiyo maana doa hutokea jeupe.

Madoa ya dada yalikuwa marefu kidogo kama kokwa za tende, yamejipanga kandokando ya vyumba vya maji vilivyo katikati ya ubongo. Kwenye filamu ya pili, iliyopigwa baada ya sindano, matatu kati yake yalikuwa yanawaka. Gadolini haipenyi kuingia kwenye ubongo ila pale ukuta wa mishipa ya damu unapovuja, na ukivuja hivyo ina maana doa ni jipya, la wiki chache tu.

"Mbona sijahisi kitu?" dada akauliza. Alikuwa amemaliza miezi saba bila shambulio. Asubuhi ile ile alinitangulia kupanda ngazi za stesheni.

Mtafiti akamwambia kwamba madoa mapya hutokea mara nyingi kuliko mashambulio ambayo mgonjwa huyahisi. Mwaka 1981, katika Hospitali ya Hammersmith hapo hapo London, wagonjwa 10 wa MS walipigwa picha kwa CT, yaani eksirei ya kompyuta, na kwa mashine hii iliyokuwa mpya. CT ilionyesha madoa 19. Mashine mpya ikaongeza mengine 112. Akasema pia kuwa utafiti uliotoka mwaka 1993 ulikuwa umeonyesha, kwa picha hizi hizi, kwamba dawa ya intaferoni beta huyapunguza madoa hayo.

Wapo wanaosema mgonjwa asionyeshwe vitu kama hivyo. Sikubaliani nao. Nilimwona dada akisogea karibu, akiyahesabu kwa kidole bila kugusa filamu, na ule ugonjwa uliokuwa ukimvizia miaka mitatu ukawa na mahali na umbo.

Kisha akageukia filamu yangu, isiyo na doa. Akaitazama kwa muda mrefu kuliko yake. "Alhamdulillahi," akasema. Mimi nikakosa la kumjibu.

Nje kulikuwa kumeshaingia giza. Nilipompa bangili hakuivaa. Aliifunga kwenye leso na kuitia mkobani mwangu.

"Kaa nayo, mdogo wangu," akasema. "Mwezi ujao nitakuja mikono mitupu."